Maswali na majibu: Mazoezi baada ya korona

Mama wa Nkuhungu: Niliugua korona, nikapona. Sasa nikitembea hadi soko la Majengo na kurudi, siku hiyo niko sawa, lakini kesho yake au keshokutwa kitanda hakiniachii. Mume wangu anasema nimekuwa mvivu, nijikaze nifanye mazoezi.

Pole, mama. Huo si uvivu, na mumeo asome hapa. Januari 2024 watafiti wa Amsterdam walitoa matokeo ya wagonjwa 25 kama wewe, walioendesha baiskeli ya maabara kwa muda mfupi tu. Walikatwa kipande kidogo cha msuli kabla ya zoezi na siku iliyofuata. Mitokondria, zile sehemu za seli zinazotengeneza nguvu, zilikuwa zimedhoofika, na uharibifu wa msuli uliongezeka baada ya zoezi. Kujikaza ndiko kunakokuangusha. Nenda nusu ya safari, pumzika kabla hujachoka, mzigo abebe mwingine. Usijipime kwa unavyojisikia jioni ile. Subiri siku mbili zipite.

Mtumishi, Mtumba: Kwa hiyo nilale tu?

Hapana, ndugu yangu. Si kila mwenye UVIKO ya muda mrefu, yaani dalili za korona zisizoisha, huporomoka hivyo, na msuli usiotumika nao hunyauka. Uingereza walifuatilia watu wazima 585 waliowahi kulazwa kwa korona. Waliofanya mazoezi ya kusimamiwa kwa wiki 8, kila mmoja kwa kiasi chake, pamoja na msaada wa kisaikolojia, maisha yao yalikuwa na unafuu zaidi ya wenzao waliopewa ushauri tu. Unafuu haukuwa mkubwa, lakini mwaka mmoja baadaye ulikuwa bado upo. Kama wewe huporomoki siku ya pili, anza na kutembea taratibu na kuinuka kitini mara chache, ukiweza kuzungumza bila kuhema.

Mwanafunzi wa UDOM, miaka 22: Nikisimama tu moyo unakwenda mbio na kichwa chepesi.

Lala dakika kumi, hesabu mapigo ya dakika nzima. Simama, uhesabu tena mara kadhaa hadi dakika ya kumi. Keti ukiona giza. Yakipanda kwa 30 au zaidi na kubaki juu, nenda hospitali na namba zako umeziandika. Kwako mazoezi yaanzie kitandani: kuinua mguu mmoja mmoja, kukunja nyayo, baadaye baiskeli ya kuegemea. Kunywa maji ya kutosha, na ukwepe jua la mchana la Oktoba hapa Dodoma, maana joto hutanua mishipa na kukuzidishia kizunguzungu. Ukizimia au kifua kikiuma, acha kabisa na uonwe siku hiyo hiyo.

Kiongozi wa kikundi cha joging, Area C: Mwenzetu amerudi baada ya korona. Tumwongezee kilomita moja kila wiki kama wengine?

Msimwongezee kwa kalenda. Mpigieni simu siku ya pili baada ya kila zoezi, mumuulize ameamkaje. Akisema vibaya, punguzeni, hata kama yeye mwenyewe anataka kukimbia.