Picha ya mega 3 imezaaje faili la mega 52? Maswali ya wasomaji kuhusu JPEG ndani ya EPS na PDF

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi niko steshenari hapa Morogoro, tunatengeneza kalenda na vipeperushi. Nimeweka picha moja tu ya JPEG kwenye kava la kalenda, saizi ya A4, picha yenyewe ina mega 3 hivi, nikaitoa kama EPS ili niipeleke kwa wachapaji, faili likatoka na mega 52! Na printa yao ya zamani ikastaki kabisa. Bosi anasema nipunguze ubora wa picha mpaka faili liwe dogo. Ni lazima? Hakuna namna ya kuiingiza hiyo JPEG humo ndani kama ilivyo?

JIBU: Dada yangu wa Morogoro, usiiguse hiyo picha. Mwambie bosi kwa heshima zote kwamba picha haina kosa lolote, na namna ya kuiingiza kama ilivyo ipo tangu mwaka 1991, ila programu uliyotumia imekuandikia EPS kwa mtindo wa zamani kuliko hapo.

Iko hivi. EPS ni PostScript, na PostScript ni lugha ya kuelezea ukurasa ambayo Adobe waliitoa mwaka 1984. Ni lugha ya programu kabisa, yaani faili lako ni maagizo, printa inayasoma kuanzia juu kwenda chini, hapa piga mstari, hapa weka herufi, hapa mwaga picha. Sasa toleo la kwanza la lugha hiyo, ndiyo wanaiita Level 1, lilikuwa halijui JPEG ni kitu gani, na lingejuaje wakati kiwango cha JPEG chenyewe kimekuja kukamilika 1992. Kwa hiyo picha ilikuwa lazima ifunguliwe yote, iandikwe pikseli moja moja bila kubanwa.

Tuzihesabu hizo mega 52 zako, maana zinahesabika. A4 kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, ni pikseli 2480 kwa 3508, ukizidisha unapata 8,699,840. Kila pikseli inachukua baiti 3, moja ya nyekundu moja ya kijani moja ya bluu, inakuwa baiti 26,099,520. Halafu kwa sababu njia nyingi za kupelekea data kwenye printa zamani zilikuwa zinapitisha maandishi ya kawaida tu bila matatizo, kila baiti inaandikwa kwa herufi mbili za heksadesimali (namba za msingi wa 16), kuanzia 00 mpaka FF, basi zidisha tena mara mbili, 52,199,040. Ndizo hizo. Picha yako haijapata ubora hata chembe kwa kunenepa hivyo, na printa yenye memori ndogo lazima ihangaike.

Level 2 ilipokuja 1991 ikaleta filta. Filta ni kifaa ndani ya lugha yenyewe, unaiambia printa data hii ukishaisoma ipitishe hapa kwanza. Na filta unaweza kuziunganisha, moja inamwaga kwenye nyingine. Ukifungua EPS iliyotengenezwa vizuri utaona kitu kama hiki:

/DataSource currentfile /ASCII85Decode filter /DCTDecode filter

Maana yake ni soma kinachofuata humu humu kwenye faili, kigeuze kutoka maandishi ya ASCII85 kirudi kuwa baiti, halafu baiti hizo zifungue kama JPEG. Kazi ya kufungua anaifanya printa mwenyewe dakika ya mwisho, sisi wengine wote tunapitisha JPEG imefungwa vile vile kama gunia la mchele lililoshonwa shambani. ASCII85 inaandika baiti 4 kwa herufi 5, ongezeko ni robo tu, kwa hiyo mega 3 zako zinakuwa kama 3.75. Linganisha na 52!

Kama unataka kuhakikisha kwa macho yako, fungua EPS kwa Notepad utafute herufi hizi: s4IA. Kila JPEG inaanza na baiti FF D8 FF, na kinachofuata kwa kawaida ni E0, au E1 kama picha imetoka kwenye simu au kamera, na ukiziandika kwa ASCII85 inatoka s4IA0 au s4IA1. Ukiikuta hiyo mwanzoni mwa data ya picha, jua JPEG iko ndani. Ukikuta kurasa na kurasa za vitu kama 3A3B3C3A3B3D basi picha imefunguliwa imemwagwa.

Cha kufanya sasa. Kwenye dirisha la kutoa EPS angalia sehemu ya PostScript Level, kama imewekwa 1 weka 2 au 3, na kama kuna sehemu ya kuchagua namna ya kuhifadhi picha usiache Hex. Programu ikikukatalia, kipo kiprogramu kidogo cha bure cha siku nyingi, jpeg2ps cha Thomas Merz, yeye kazi yake ni kuandika maneno machache ya PostScript mbele ya JPEG na machache nyuma, basi, picha yenyewe haigusi. Kwenye dirisha la amri la kompyuta unaandika:

jpeg2ps picha.jpg > picha.eps

Kitu kimoja uwe nacho makini. JPEG nyingi za mtandaoni ni zile za progresivu, zinazojitokeza kwa ukungu kwanza halafu zinakuja kukaa sawa, na printa ya Level 2 haizifungui, itakutolea ukurasa mtupu au kosa. Igeuze iwe ya kawaida kwa jpegtran, kiprogramu kingine kidogo cha amri:

jpegtran -copy all picha.jpg > mpya.jpg

jpegtran inapanga upya namba zilizomo bila kuibana picha mara ya pili, hakuna kinachopotea. Na hapa ndipo nasisitiza sana kwa ndugu zangu wote wa steshenari. JPEG inakata picha kwenye vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kila inapobanwa upya inatupa vitu vidogo vidogo, angalia kingo za maandishi mekundu au ukingo wa paa dhidi ya mbingu utaona takataka zimeanza kutokea pembeni, na zikishatokea hakuna wa kuzirudisha. Mteja anapiga picha kwa simu inabanwa mara ya kwanza, anaituma WhatsApp kama picha inapunguzwa na kubanwa mara ya pili, wewe unaiediti unaisevu mara ya tatu, programu ya PDF inaibana mara ya nne. Halafu tunalaumu wino! Waambie wateja waitume kama dokumenti, hapo inafika kama ilivyo, na wewe kwa upande wako iingize bila kuifungua.

SWALI: Asalaam aleikum ndugu. Niko Mombasa, nilifanya kadi za harusi, picha ya bwana na bibi harusi niliipeleka CMYK, zile rangi nne za wino, kutoka Photoshop kama JPEG, nikaitia kwa EPS na programu fulani ndogo. Kwa Photoshop iko sawa kabisa lakini ikichapwa inatoka kama negativu, nyuso zimekuwa nyeusi bluu na suti nyeusi imekuwa nyeupe. Mbona?

JIBU: Wa aleikum salaam ndugu yangu, na pole, najua kadi za harusi hazingoji.

Photoshop inapoandika JPEG ya CMYK inaandika namba kinyume, yaani pale ambapo wewe ungetegemea 0 iwe hakuna wino, yeye 0 ni wino umejaa na 255 ndiyo hakuna. Ndani ya faili anaacha alama yenye neno Adobe, na programu nyingi za kuangalia picha zikiiona alama hiyo zinageuza zenyewe, ndiyo maana kwenye skrini huoni tatizo. Lakini filta ya DCTDecode kwenye PostScript au PDF haigeuzi kwa ajili hiyo, inakutolea namba zile zile zilizomo. Ni jukumu la programu inayoingiza JPEG kuandika mstari unaosema rangi zote nne zisomwe kinyume, na hiyo ndogo yako haikuandika.

Habari njema ni kwamba EPS ni maandishi. Ifungue, tafuta neno /Decode kwenye sehemu ya picha, utakuta [0 1 0 1 0 1 0 1], ibadilishe iwe [1 0 1 0 1 0 1 0], sevu, jaribu tena. JPEG yenyewe hujaigusa. Fanya hivyo kwenye kopi lakini, na kama data ya picha imewekwa kama baiti zenyewe, ukaona vialama vya ajabu ajabu badala ya herufi za kawaida, usitumie Notepad, tumia programu ya kuhariri isiyobadilisha baiti usizozigusa, la sivyo utaiharibu picha nzima. Ukiona hilo ni kubwa kwako, kwa kadi chache ipeleke picha kama RGB, ile ya nyekundu, kijani na bluu, wachapaji wataigeuza wao.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo Dodoma, ripoti yangu ina skrinshoti nyingi za PNG. Rafiki yangu anasema nizigeuze zote JPEG kwanza ndiyo PDF iwe ndogo. Ni kweli?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Hapana, usizigeuze. Skrinshoti ni maandishi na maeneo makubwa ya rangi moja, PNG inazibana vizuri sana bila kupoteza kitu, mara nyingi kuliko JPEG, na JPEG itakuletea zile takataka kuzunguka kila herufi. PDF inaijua namna ya kubana ya PNG, inaiita FlateDecode, na PNG ya kawaida isiyo na uwazi data yake inaweza kuingia karibu kama ilivyo. Ikiwa na uwazi itabidi programu itenganishe rangi na uwazi viwe vitu viwili, inachelewa kidogo tu.

JPEG ziwe zile za kamera, nazo ziingie bila kufunguliwa, ukitumia img2pdf inafanya hivyo yenyewe. Ukimaliza ripoti andika amri hii ya kuorodhesha picha zilizomo kwenye PDF:

pdfimages -list ripoti.pdf

Angalia safu iliyoandikwa enc. Picha zako za kamera ziseme jpeg na skrinshoti ziseme image. Ukiona skrinshoti inasema jpeg, kuna programu njiani imeibana bila kukuuliza, tafuta kwenye seting zake sehemu ya kubana picha uizime.