Picha za zamani za nyeusi na nyeupe: ukurasa wa albamu uwe mweusi au mweupe?

Mweusi au wa krimu, ila si mweupe pe. Weupe wa picha za zamani umeshaelekea rangi ya maziwa, kwa hiyo ukiziweka juu ya karatasi nyeupe mpya zinaonekana kama zimechafuka. Niliona hilo nilipopanga picha za bibi za studio, zile zenye ukingo uliokatwa mawimbimawimbi: kwenye ukurasa mweusi ukingo ulijitokeza wote, kwenye mweupe ukapotea. Pambo la rangi moja tu linatosha. Zikiwa tatu jicho linaacha sura ya mtu linatazama maua.

Lakini usipake gundi wala kubandika selotepu. Tumia vipembe vya karatasi vya kushikia kona, na karatasi isiyo na asidi, ikiwezekana iliyopita ISO 18916, kipimo cha kuona kama kitu kinaharibu picha. Zile albamu za kurasa za kunata zenye nailoni juu ziache kabisa, gundi yake hugeuka njano na picha haibanduki tena. Kama nakala ni hiyo moja, iskani kwanza, uweke kopi.