Gitaa la Umeme Katika Umri wa Miaka 46

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa miaka 46, nafanya kazi hospitalini na naishi Pasua, Moshi, katika nyumba ya kupanga ambayo ukuta wangu ndio ukuta wa jirani. Kwaya yetu ina gitaa la umeme lisilo na mpigaji tangu kijana wetu alipohamia Arusha, nami natamani kulipiga. Mpigaji mmoja amenishauri nianze na gitaa kavu kwa miaka miwili, lakini nilipolijaribu vidole viliniuma hata kalamu nikashindwa kuishika vizuri kesho yake kazini. Je, umri umenitupa mkono?

JIBU: Marahaba, mama. Umri haujakutupa mkono, na ushauri huo wa miaka miwili sikubaliani nao hata kidogo. Gitaa kavu hutoa sauti kwa nyuzi kutikisa boksi la mbao, na ndiyo maana nyuzi zake za chuma huwa nene, ule mwembamba kuliko wote ukiwa mara nyingi na unene wa milimita 0.30 hivi, ilhali gitaa la umeme lina sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba chini ya nyuzi, ambazo hunasa mtikisiko mdogo tu na kuupeleka kwenye amplifaya, kwa hiyo uzi huo huo unaweza kuwa wa milimita 0.23 na ukabonyezeka bila taabu. Anza na lile la kwaya, kwani ndilo unalotaka kulipiga.

Kwanza mpelekee fundi wa magitaa. Gitaa lililokaa muda mrefu huwa na nyuzi zenye kutu, na huenda shingo imepinda, nyuzi zikainuka. Kwenye kijiti cha 12 kati ya vile vya chuma vinavyokatisha shingo, nafasi iliyo chini ya uzi ikizidi sana milimita 2, utaumia bure. Mwombe aweke seti ya nyuzi ambayo pakiti yake imeandikwa 0.009, kipimo cha inchi cha uzi mwembamba.

Kisha jifunze kubonyeza. Weka kidole kwenye uzi wa tatu ukihesabu kutoka ule mwembamba, nyuma tu ya kijiti cha tano bila kukikanyaga. Piga, ulegeze kidole polepole mpaka sauti ianze kukwaruza, halafu rudisha nguvu kidogo tu mpaka itoke safi: nguvu hiyo ndiyo inayotosha. Sisi watu wazima hukaba shingo ya gitaa kana kwamba litatuponyoka, na kidole gumba kinachominya kwa nyuma ndicho kinachochosha mkono mzima. Ngozi ya ncha za vidole itauma kwa wiki chache kisha itakomaa, lakini maumivu ya kifundo cha mkono au kiwiko si ya kuvumilia, pumzika.

Kuhusu jirani, usihofu. Gitaa la umeme lenye mwili wa mbao nzima lisipochomekwa halisikiki sana, na amplifaya ndogo yenye tundu la hedifoni inakutosha. Usilichomeke kwenye sabufa ya sebuleni, kwani sauti yake itatoka hafifu na isiyo na uhai. Ukihisi nyuzi zinakupiga shoti, hata kidogo, chomoa na umwite fundi umeme akague waya wa ethi kabla hujagusa tena. Umeme wetu ni wa volti 230.

Usikimbilie solo, yaani gitaa linaloongoza kwa noti moja moja. Sikiliza rekodi za Morogoro Jazz za enzi za Mbaraka Mwinshehe, uliache solo lake lipite, ulifuate gitaa la ridhimu lililo nyuma yake: hilo ndilo linaloubeba wimbo, na kwaya yenu inalihitaji zaidi. Chukua kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) tatu, G, C na D, dakika 20 kila siku, maana saa mbili za Jumamosi peke yake hazitakusaidia vidole vikishasahau. Siku utakayohama kutoka G kwenda C bila mkono wa kulia kusimama, hata kama noti moja haikulia, beba gitaa uende mazoezini, ukakae karibu na mpiga besi.