Usiandike "-jinga" pembeni ya "foolish"

Wanafunzi wangu wa jioni, wengi wao madereva wa watalii na wahudumu wa mapokezi hapa Arusha, wakikutana na neno "foolish" huandika "-jinga" pembeni ya daftari na kuendelea. Huwa nawasimamisha hapo hapo.

Ujinga kwetu una sura mbili. Mwalimu Nyerere alipoutaja pamoja na umaskini na maradhi kuwa maadui wa taifa, hakuwa anamtukana mtu. Alikuwa anasema watu wamekosa elimu, na mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Ujinga wa namna hiyo kwa Kiingereza ni "ignorance". Bibi asiyejua kusoma si "foolish" hata chembe. "Foolish" ni anayejua, au aliyepaswa kujua, kisha akafanya kinyume. Wale wanawali watano wa Mathayo 25 walijua fika kuwa taa hutaka mafuta, wakaondoka bila akiba. Biblia ya Kiingereza inawaita "foolish", yetu inawaita wapumbavu, na ndivyo ilivyo, ingawa "mpumbavu" huuma zaidi.

Balaa huanza neno hili likisogezwa karibu na "you". Dereva mmoja alimwambia mgeni aliyetaka kushuka garini ampige picha simba: "Don't be foolish." Alikusudia ile "acha ujinga, bwana" yetu ya kirafiki. Mgeni alinuna hadi jioni, na tipu ya siku ya mwisho nadhani unaikisia. (Kuhusu simba, dereva alikuwa sahihi kabisa.) Kwa mgeni, mimi nafundisha hivi: "It would be unwise to get out here." Hapo lawama inaangukia tendo, mtu anabaki na heshima yake. Kwenye barua za ofisi pia "unwise" inatosha. "Foolish" ibakize kwa mambo yako mwenyewe: "That was foolish of me" haimuudhi mtu. "Stupid" usiipeleke kazini kabisa, maana hiyo inagusa akili ya mtu yenyewe.

"Silly" ni nyepesi kuliko zote. Zamani sana ilimaanisha mwenye heri, na mpaka leo ina upole fulani. Ukimwambia Mwingereza utamlipia chai, akajibu "Don't be silly", hajakutukana. Anasema acha bwana, nalipa mwenyewe. Mwache alipe.

Na tarehe 1 Aprili? Sisi tunaiita Siku ya Wajinga, wao "April Fools' Day". "Fool" wa siku hiyo ni mtu aliyeingizwa mjini tu. Hata kitenzi "to fool someone" ni hivyo hivyo: mwerevu naye huingizwa mjini, na neno halimpunguzii akili.