Maswali ya Wasomaji: Mtaalamu wa Sayansi ya Jamii Ana Kazi Gani Penye Mlipuko wa Ugonjwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni afisa afya katika wilaya moja ya Mkoa wa Kagera. Tangu ugonjwa wa Marburg, homa hatari ya jamii moja na Ebola, ulipotufikia mwezi Machi 2023, kila semina ya maandalizi ya dharura inasisitiza kwamba timu ya kukabili mlipuko iwe na mtaalamu wa sayansi ya jamii. Nasema kwa heshima zote kwamba gari ni moja, mafuta hayatoshi na vifaa vya kujikinga ni vya kuhesabu. Mtu wa kuzunguka akiuliza watu wanaonaje atatusaidia nini ambacho mtendaji wa kijiji na mhudumu wa afya ngazi ya jamii hawakiwezi? Au ni nafasi moja zaidi ya kulipwa posho?

JIBU: Ndugu yetu wa Kagera, mwenye gari moja ana haki ya kuuliza kila anayepanda anakwenda kufanya nini. Tutakujibu kwa mambo yaliyotokea kwa majirani zako, kwanza Uganda, kisha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Ebola ilipothibitishwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwezi Oktoba 2000, wodi za kutenga wagonjwa zilizungushiwa maturubai, na waliofariki walizikwa na timu maalumu bila ndugu zao kuwapo. Kitabibu utaratibu huo ulikuwa sahihi. Lakini mama aliyempeleka mwanawe wodini, asimwone tena wala asijue kaburi lake liko wapi, alikuwa na kila sababu ya kuamini uvumi uliozagaa kwamba viungo vya maiti vilikuwa vikiuzwa, na jirani yake aliyepata homa wiki iliyofuata alikuwa na kila sababu ya kujificha. Shirika la Afya Duniani lilimwita Barry Hewlett, mwanaanthropolojia, yaani mtaalamu wa mila na maisha ya jamii, ambaye alifanya kazi na mwenyeji, Richard Amola, wakiwahoji wagonjwa waliopona, wazee, waganga wa jadi na wauguzi.

Walichokikuta kinastahili kusomwa na kila afisa afya. Waacholi, wenyeji wa Gulu, walikuwa na jina la maradhi yanayokuja ghafla na kuua wengi, gemo, na walikuwa na kanuni za kuyakabili zilizorithiwa kutoka kwa wazee: mgonjwa huwekwa katika nyumba iliyo mbali na nyingine, umbali wa takriban mita 100, anayemhudumia ni mtu aliyewahi kuugua akapona, matete mawili marefu husimikwa pande mbili za mlango ili mpita njia ajue, wajawazito na watoto hukaa mbali, ngoma husimamishwa, safari hupunguzwa, na hata aliyepona hubaki pekee mpaka mwezi mmoja wa mbalamwezi upite. Ukilinganisha kanuni hizo na mwongozo wowote wa kudhibiti Ebola, utaona zinakaribiana mno. Wenyeji wa Gulu hawakuhitaji kufundishwa kwamba mgonjwa atengwe, kwa kuwa hilo walilijua. Walichokihitaji ni kumwona mgonjwa wao kwa mbali, kuzungumza naye, na kushuhudia mazishi wakiwa wamesimama mahali salama. Maturubai makubwa yaliondolewa ili ndugu waweze kuonana na mgonjwa, na hofu ikapungua. Mlipuko ule ulishika watu 425 na kuua 224, akiwemo Dkt. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, aliyefariki Desemba 2000 baada ya kuambukizwa akiwa kazini.

Sasa tuje Kongo, kwani huko ndiko swali lako kuhusu mtendaji wa kijiji linapopata jibu. Mlipuko wa Ebola wa majimbo ya Kivu Kaskazini na Ituri, ulioanza Agosti 2018, ulikuta chanjo tayari ipo, na zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Hata hivyo ulidumu hadi Juni 2020, ukashika watu 3,470 na kuua 2,287. Mwezi Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa miji ya Beni na Butembo, Kivu Kaskazini. Mmoja kati ya wanne alisema Ebola haipo, na chini ya theluthi moja waliamini kwamba viongozi wa mahali hapo wanatetea maslahi ya wananchi. Wasioamini viongozi ndio waliokuwa wazito kukubali chanjo. Hawa ni watu walioishi miaka mingi katikati ya mauaji bila mlinzi, kisha ghafla wakaona magari na fedha nyingi zikija kwa ajili ya ugonjwa mmoja tu. Desemba mwaka huohuo, upigaji kura wa Beni na Butembo uliahirishwa kwa sababu iliyotajwa kuwa Ebola na usalama, ilhali masoko na makanisa yalikuwa wazi, na siku iliyofuata waandamanaji wakavamia kituo cha wagonjwa mjini Beni. Hakuna chanjo inayotibu kutoaminiana kwa namna hiyo.

Katika hali kama hiyo, mtendaji wa kijiji na mhudumu wa afya wanahitajika sana, na mtafiti mwenye busara huanza kazi kwa kuwasalimu. Lakini mtendaji ndiye anayetoza faini na kusimamia michango, kwa hiyo mwananchi humjibu kile anachodhani kitamwepusha na matatizo. Mtaalamu wa sayansi ya jamii amefunzwa kuuliza bila kuonyesha jibu analolitaka, kuwahoji wanawake mbali na waume zao, kuchagua nyumba kwa utaratibu badala ya kwenda kwa wale wanaojulikana, na kutofautisha wanachosema watu na wanachokifanya. Sisi tunaona awemo tangu siku ile timu inapoamua nani atazika na wapi. Akiitwa baada ya mawe kurushwa, atabaki kueleza kilichoharibika. Na kama wilaya yako ina mhitimu wa sosholojia au maendeleo ya jamii anayekijua Kihaya na koo za eneo hilo, anza na huyo kabla ya kumwomba mtu kutoka makao makuu.

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa, Sengerema. Zamani mjamzito alipewa hati punguzo, akaongeza fedha kidogo na kununua chandarua chenye dawa. Siku hizi vinagawiwa bure, na huku mwaloni, ufukweni wanaposhusha samaki, naviona vinaanikia dagaa. Je, watafiti hawaoni kwamba kitu cha bure hakithaminiwi?

JIBU: Waliona, na wakalifanyia jaribio. Jessica Cohen na Pascaline Dupas walikwenda magharibi mwa Kenya wakapanga kwa bahati nasibu kliniki za wajawazito, baadhi zitoe vyandarua bure, nyingine viuzwe kwa bei nafuu iliyofika hadi shilingi 40 za Kenya. Baada ya wiki chache wahojaji walibisha hodi majumbani bila kutoa taarifa, wakaangalia kama chandarua kimetundikwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalikuwa wazi: waliolipa hawakuvitumia zaidi ya waliopewa bure, lakini bei hiyo ndogo ya shilingi 40 ilipunguza kiwango cha wajawazito waliochukua chandarua kwa asilimia 60. Kwa maana hiyo bei haikuchuja wasiojali. Iliwafungia mlango waliohitaji.

Ulichokiona mwaloni nacho ni kweli. Watafiti waliopita vijiji vya wavuvi upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, na kuandika mwaka 2008, walikuta vyandarua vikianikiwa samaki, na wenyeji wakaeleza kwamba vinapatikana bure au kwa bei ndogo na kwamba samaki hukauka haraka juu yake. Lakini anayehesabu vyandarua vilivyo ufukweni hawezi kujua vingapi vimetundikwa vitandani katika nyumba zilizo nyuma ya mwalo, na ndiyo maana swali la matumizi lilihitaji watu wa kuingia majumbani. Ushauri wetu ni kwamba ugawaji wa bure uendelee, na wenye dagaa wapatiwe vichanja na nyavu za kuanikia kwa bei wanayoimudu, kwani haja ya kukausha dagaa haitaondoka kwa kutoza bei chandarua cha mjamzito.

SWALI: Kisiwani kwetu Ukerewe wamekuja watafiti wengi wenye madodoso. Tunajibu, wanaondoka, hatusikii tena. Kwa nini tuendelee kupoteza muda?

JIBU: Malalamiko yako ni ya haki, na yanaipunguzia taaluma hii heshima kuliko pingamizi lolote la madaktari au wahandisi. Mtafiti anayechukua saa mbili za mvuvi amechukua mali yake, na anadaiwa mrejesho. Wala si lazima mrejesho uchelewe: wakati wa mlipuko wa Kivu kiliundwa kitengo cha uchambuzi wa sayansi ya jamii, kikiongozwa na UNICEF, ambacho kilifanya tafiti fupi, kikapeleka matokeo kwa wasimamizi wa kazi, kisha kikafuatilia ni mapendekezo gani yaliyotekelezwa.

Akija mwingine, ombeni kuona kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na barua ya wilaya, na mkumbuke kwamba kila mmoja wenu ana haki ya kukataa kujibu bila kuadhibiwa. Kabla dodoso halijafunguliwa, mwombeni mwenyekiti wa kijiji aandike katika kumbukumbu jina la taasisi inayofanya utafiti, ofisi itakayopokea matokeo, na mwezi ambao watafiti watarudi kuyasoma kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji.