Kisu cha babu chenye chapa 1907

Ndugu, umeuliza kama kisu cha marehemu babu yako, chenye chapa ya 1907, ni singe (kisu cha kuchomeka mbele ya bunduki) iliyokatwa, na kama umpelekee fundi wa jua kali pale Kibuye aking'arishe. Tafadhali usimpelekee! Gurudumu la kunolea litafuta alama zote. Tazama mwisho wa mpini: ukiona mfereji na kitufe cha kubonyeza, hapo ndipo iliposhikana na bunduki. 1907 ni mwaka wa muundo. Mwezi na mwaka wa kutengenezwa huwa chini yake, mathalani 5 '17, yaani Mei 1917. Bapa kamili la singe hiyo ya Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Uingereza, lilikuwa sentimita 43 hivi. Kukatwa si ajabu, hata Wamarekani walifupisha zao mwaka 1943, kutoka inchi 16 hadi 10. Kutu ifute taratibu kwa kitambaa na mafuta ya cherehani.