Kitabu kipi cha Kiingereza ninunue?

SWALI: Salaam aleikum dada. Niko mwaka wa kwanza klinikal medisin hapa Mombasa, nakaa Kisauni. Masomo nayashika lakini Kiingereza chanisumbua, sasa nataka kitabu cha Kiingereza cha wanaosomea udaktari. Nimeona viwili, kimoja kipya cha rangi kimejaa mazungumzo ya daktari na mgonjwa na bei yake si mchezo, kingine mtumba wa Marekani. Nichukue kipi?

JIBU: Waleikum salaam mdogo wangu. Rangi ziache kwanza, jiulize hicho Kiingereza utaongea na nani, manake hapa Pwani mgonjwa atakwambia "daktari tumbo lanikata tangu juzi, nikila natapika" na wewe utamuuliza kwa Kiswahili hicho hicho mpaka mmalize, halafu ndio ugeukie faili uandike kwa Kiingereza, na kwa wodi raundi umpresentie konsaltanti, yaani daktari bingwa, habari za mgonjwa kwa mpangilio, kilichomleta, kimeanza lini, aliwahi kuugua nini, atumia dawa gani, ana alaji, yaani dawa au chakula kinachomdhuru, au la. Hapo ndipo wengi hukwama, na mazungumzo matamu ya kitabuni hayatakutoa. Vingi ya vitabu hivi viliandikiwa madaktari wanaohamia Uingereza au Australia ambako mgonjwa mwenyewe ni wa Kiingereza, si vibaya, ila shida yao si yako.

Kwa hivyo kile kipya kifungue utafute sehemu ya kuandika: maelezo ya mgonjwa, barua ya rufaa, kukabidhi wodi shifti ikibadilika. Kama haipo kirudishe kwa rafu hata kama chang'aa. Angalia pia kama majibu yako nyuma, unasoma peke yako, nani atakusahihishia?

Huo mtumba wa Marekani nao una mambo yake. Sukari ya damu utakuta 126 kwa kipimo chao cha mg/dL na mashine yetu yasoma 7.0 kwa mmol/L, ni kitu kimoja, ya kwao wagawanya kwa 18. Homa ya 38.5 kwa Selsiasi wao waiandika 101.3 kwa Fahrenheit, na paracetamol waiita acetaminophen. Mwaka wa kwanza hiyo itakuchanganya bure, mimi ningeuacha.

Kabla hujatoa pesa azima kitabu cha aina hiyo laibrari, soma sura moja tu, kisha chukua historia ya mgonjwa mmoja uiandike bila kuweka jina lake na umpe klinikal ofisa wa wodi aisome. Akikuelewa bila kukuuliza maswali, hicho ndicho cha kununua.